Somo ni Nani?

Katika lugha yetu neno moja huweza kubeba mizigo miwili, na neno "somo" ni mojawapo. Shuleni, somo ni jambo lifundishwalo: somo la hesabu, somo la historia. Nyumbani, kwa watu wa pwani, somo ni mtu: ni mwanamke amfundaye mwali, akaaye naye ndani, na kumsindikiza hata siku ya arusi yake. Sisi waalimu twajua sana somo la kwanza. Huyu wa pili tumewaachia wanawake wazee. Basi twataka kuuliza: Je, mtu aweza kumpa kijana somo bila yeye mwenyewe kuwa somo wake?

Swali hili hatukulipata vitabuni. Tulilipata Chumbi, kusini ya mto Rufiji, kando ya njia iendayo Kilwa na Lindi. Wasomaji wengi hupita pale upesi siku hizi, maana tangu mwaka 2003 liko Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, na kivuko cha Ndundu kimebaki katika masimulizi ya wazee. Watu wa huko hulima mpunga bondeni, na maji ya mto yapunguapo hupanda tena katika unyevu uliobaki, ndio mlau. Mpunga ukikaribia kuiva, jamaa huhamia mashambani, wakakaa katika madungu, na watoto huamia ndege. Mwalimu wa bonde lile hujua kwamba katika majira hayo madawati yatakuwa matupu.

Miaka kadha iliyopita alikuwapo katika darasa letu la tano mvulana mmoja, mwepesi wa hesabu kuliko wenzake. Akapotea majuma matatu, wala si majira ya ndege. Siku aliporudi tulimwuliza mbele ya darasa, "Ulikuwa wapi?" Akainama asijibu. Tukamwuliza mara ya pili na ya tatu, akanyamaza. Tukadhani ni kiburi, tukamchapa fimbo nne. Hakulia. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa, wala hakuja tena.

Kumbe alikuwa ametoka kumbini. Alikatazwa kutaja mambo ya jando mbele ya wanawake na mbele ya watoto wasioingia, na nusu ya darasa letu walikuwa wasichana. Alikuwa amefundwa kustahimili maumivu; sisi ndio tuliokuwa jaribu lake la kwanza, naye alishinda. Twaona haya kuandika hayo, walakini ndiyo kweli.

Baada ya juma moja alikuja mzee mmoja, mlezi wake wa kumbini. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu," akaketi chini ya mwembe. Hakutugombeza. Akasema, "Mtoto huyu akiiba kuku wa mtu, nitaitwa mimi. Akimkosea mkwewe adabu, wataniuliza mimi nilimfunda nini. Hata nikifa, watasema, huyu kafundwa na fulani. Sasa nakuuliza wewe, uliyekaa naye miaka yote hii: akiiba, nani atakuja kukuita wewe?"

Hatukuwa na jibu. Tukaeleza habari za mtihani, na daftari la mahudhurio, na sheria za shule. Yeye akasikiliza kwa adabu, akaaga, akaenda zake.

Tazameni jinsi lugha yenyewe inavyotushuhudia. Neno kufundisha limezaliwa na kufunda. Anayefundisha aweza kusimama mbele ya watoto 80 asijue ni nani aliyelala na njaa. Anayefunda sharti amjue mmoja mmoja. Katika jando nyakanga ndiye mkuu wa mambo, na ngariba ndiye mwenye kisu, walakini kila mtoto ana mtu wake, wa kumwosha, wa kumlisha, wa kumwonya. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alikumbusha kwamba Afrika haikukosa elimu kabla ya kuwa na shule. Watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda. Nasi twaongeza neno moja: walijifunza kwa mtu, na mtu huyo alijulikana kwa jina lake kijijini.

Walakini tusiwe kama wale wasifuo mambo ya kale kwa sababu tu ni ya kale. Kisu kimoja kikipita katika wavulana wengi, chaweza kupitisha na maradhi. Ndiyo maana wazazi wengi sasa huwapeleka wana wao hospitali, na mahali pengi ngoma hizi zimehamishiwa siku za likizo. Tena liko jambo zito kuliko kisu. Tulimjua msichana mmoja wa bondeni, aliyevunja ungo akawekwa ndani. Somo wake alikuwa mwanamke mwema. Alimfunda usafi, na heshima, na kutunza nyumba. Hakumwacha hata siku moja. Mwali alipotolewa, akaozwa. Alipojifungua mtoto wa kwanza, somo alikuwako kitandani pake. Nalo daftari lake la sayansi likabaki kabatini mwetu, kurasa za nyuma hazijaandikwa.

Nani awezaye kusema kwamba somo yule alimtupa mtoto? Alimshika mkono kwa uaminifu mkubwa, akampeleka mahali ambapo mtoto hakuulizwa kama ataka kwenda. Basi uaminifu peke yake hautoshi. Yafaa tuulize, uaminifu kwa nani? Kwa mila, ama kwa mtoto? Serikali imejaribu kujibu kwa njia ya sheria: mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na mtu amwoaye mwanafunzi aweza kufungwa miaka 30, na mwaka 2021 mlango wa shule ulifunguliwa ili msichana aliyejifungua apate kurudi masomoni. Ni vema. Lakini sheria haimwamshi mtoto asubuhi, wala haikai naye usiku anapolia. Kazi hiyo yataka mtu.

Je, yawezekana kushika ule ulezi na kuacha yale yenye madhara? Huko Masasi walijaribu zamani. Wamisionari wa kwanza waliwakataza Wakristo jando. Lakini Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hata 1944, pamoja na mapadre Waafrika, walishika njia nyingine. Waliliacha kumbi lisimame, wakatia sala na mafundisho yao, wakaondoa yale waliyoona mabaya. Kwa upande wa wavulana jambo lilishika mizizi. Kwa upande wa wasichana lilikuwa gumu zaidi, maana mambo ya unyago yamo mikononi mwa wanawake. Hapo twajifunza mawili. Kwanza, yafundwayo yaweza kubadilishwa na ulezi ukabaki. Pili, hakuna awezaye kutengeneza nyumba ya watu akiwa amesimama nje ya mlango.

Sasa turudi kwa yule mvulana. Swali la mzee lilitusumbua, hata tukaenda bondeni kumtafuta. Tukamkuta juu ya dungu, anaamia ndege. Tukapanda, tukamwomba radhi. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mbona hukuniuliza pembeni?"

Hakusema zaidi. Hakurudi shuleni, na siku hizi ni mvuvi. Lakini neno lile moja limetufundisha kuliko vitabu vyote vya ualimu tulivyosoma katika chuo cha misheni. Mzee aliweza kuitwa na kijiji kutoa hesabu ya malezi yake. Sisi hatukuitwa na mtu. Walakini iko hesabu ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni ile ambayo mtoto mwenyewe hudai. Twaona kwamba mlezi wa kweli, awe mwalimu, awe kungwi, awe mlezi wa kumbini, ni yule ambaye kijana aweza kumjia siku moja na kumwuliza, "Mbona ulinifanyia hivi?" naye akaketi, akasikiliza, akajibu. Mila isiyokubali kuulizwa swali hilo imepungukiwa. Na shule isiyokubali kuulizwa imepungukiwa vilevile.

Njia si ngumu, yataka moyo tu. Katika shule nyingi yuko mwalimu mmoja aliyepewa malezi na unasihi kwa watoto mamia. Mtu mmoja hawezi kuwa mtu wa kila mtu. Heri kila mwalimu achukue watoto wachache, awajue kwao, na asiye na jibu amwulize pembeni. Heri wazee waitwe shuleni kabla ya jando, si baada yake, tupatane siku za likizo na mahali pa tohara. Na somo wa mwali naye aitwe, apewe heshima yake, akabidhiwe na daftari la mtoto, ili siku amtoapo ndani amlete mwenyewe hata mlango wa darasa. Mwanamke aliyeaminiwa kwa arusi aweza kuaminiwa kwa mtihani.

Nanyi waalimu wenzetu, msituulize kama mambo haya yawezekana, bali jiulizeni neno moja. Yule mtoto aliyetoka darasani mwako mwaka juzi, kabla ya kumaliza, yuko wapi leo? Kama hujui, nenda ukaulize. Huenda angali anangoja mtu wa kumwuliza pembeni.