Mgeni Ndani ya Jicho

Tarehe 7 Februari 2021 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imerudi Butembo, mji wa jimbo la Kivu Kaskazini. Mlipuko mkubwa wa jimbo hilo ulikuwa umefungwa rasmi Juni 25, 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufariki. Safari hii wataalamu waliposoma vinasaba vya kirusi waliona ni uzao wa kile cha 2018. Hakikuwa kimetoka upya msituni. Ilielekea kilikuwa kimekaa miezi kadhaa ndani ya mtu aliyepona, halafu kikapita kwa mwingine. Watu 12 waliugua, sita wakafa.

Mwili uliomshinda adui unawezaje kumpa malazi?

Jibu lilianza mbali na Ebola, kwenye ngozi ya sungura. Peter Medawar wa Uingereza alikuwa akichunguza kwa nini ngozi iliyotoka kwa mtu mmoja hukataliwa ikipandikizwa kwa mwingine. Mwaka 1948 alieleza kwamba kipande cha ngozi ngeni kikiwekwa katika chumba cha mbele cha jicho kinaweza kuishi, ilhali mahali pengine mwilini kingeharibiwa. Zipo sehemu, basi, ambako kinga hufungwa mikono: jicho, ubongo, korodani. Si kwa upole. Uvimbe ambao kwenye goti ungepoa kwa juma moja, jichoni huacha upofu, kwa sababu retina ikishaharibika haioti tena. Mwili umechagua hasara iliyo ndogo.

Kirusi cha Ebola kinaitumia nafasi hiyohiyo. Ian Crozier, daktari Mmarekani aliyeambukizwa Sierra Leone mwaka 2014, aliruhusiwa kutoka hospitali akiwa na damu safi. Baadaye jicho lake la kushoto likavimba, likageuka kutoka bluu kuwa kijani, na majimaji yake yakakutwa yamejaa virusi. Kwa hiyo Machi 2019, mlipuko ukiwa bado unawaka, waliopona kutoka Beni, Butembo na Mangina walikuwa wakipimwa macho mjini Beni.

Medawar hakuishia jichoni. Mwaka 1953, pamoja na Rupert Billingham na Leslie Brent, alionyesha kwamba panya akidungwa seli za panya wa ukoo mwingine angali tumboni mwa mama yake, akikua atapokea ngozi ya ukoo huo bila kuikataa. Uvumilivu wa mwili, kumbe, hufundishwa. Frank Macfarlane Burnet wa Australia, aliyegawana naye Tuzo ya Nobel mwaka 1960, ndiye aliyeipa fani hii lugha yake ya kifalsafa: kazi ya kinga ni kutenganisha nafsi na kisicho nafsi. Mwaka uliofuata Jacques Miller akaanza kuonyesha umuhimu wa thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambamo seli T hulelewa na nyingi zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huuawa. Baadhi hupenya. Hizo huzuiwa na seli T nyingine, za kudhibiti, ambazo Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambulisha mwaka 1995 na kupewa Nobel mwaka 2025 pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell. Watafiti wa upandikizaji wanazifukuzia seli hizo wakitumaini kwamba siku moja figo la mtu mwingine litakaa bila mgonjwa kumeza dawa za kufifisha kinga maisha yake yote.

Sayansi hii ina mtego. Mtu akishasema nafsi na mgeni, hakai maabara tena, anahamia siasani. Na Butembo ilikuwa mahali pepesi pa kuhamia. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Aprili 19 mwaka huohuo Dk. Richard Valery Mouzoko Kiboung, Mkameruni aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini humo. Kutoka nje ilikuwa rahisi kusema mji umewakataa wageni kama mwili unavyokataa figo.

Mfano huo unawadhulumu watu wa Butembo na Beni, na hata sayansi hauitendei haki. Beni ilikuwa ikizika waliochinjwa na waasi tangu Oktoba 2014. Familia zilizolia miaka minne bila kusikilizwa ziliona magari ya riposti, yaani kampeni ya kupambana na Ebola, yakijaa barabarani kwa ajili ya ugonjwa mmoja, zikauliza kwa nini kifo hiki tu ndicho kina bajeti. Desemba 2018 uchaguzi wa rais ukaahirishwa Beni na Butembo hadi Machi, kwa sababu zilizotajwa za Ebola na usalama, ilhali rais mpya aliapishwa Januari. Watu wenye hoja kama hizo hawahitaji kufafanuliwa kwa thaimasi.

Mwili wenyewe nao hauulizi asili kama Burnet alivyodhani. Tumbo limejaa bakteria wasio sisi, na tunawahitaji. Mama hubeba miezi tisa mtoto ambaye nusu ya urithi wake ni wa baba. Mwaka 1994 Polly Matzinger wa Marekani alipendekeza kwamba kinga huamshwa na dalili za madhara, kama vile seli zinazokufa vibaya, na ugeni peke yake hautoshi. Nadharia yake bado inabishaniwa, lakini imewaondolea wapenda mipaka shahidi wao.

Kisa kizito zaidi cha mpaka huo kuvukwa ni cha kingamwili. Mwaka 1995, Ebola ilipozuka Kikwit, Kongo, Dk. Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliopona, saba wakaishi. Halikuwa jaribio lenye kundi la kulinganisha, na wengi walilitilia shaka. Miaka 11 baada ya mlipuko, mmoja wa manusura wa Kikwit alitoa damu, na ndani ya seli zake ikapatikana kingamwili iliyoitwa mAb114. Kuanzia Novemba 2018 ilijaribiwa, pamoja na dawa nyingine tatu, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Miongoni mwa waliopewa mAb114, asilimia 35 walifariki. Waliopewa ZMapp, mojawapo ya hizo tatu, asilimia 50. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa, wagonjwa wote wakaelekezwa kwenye dawa mbili zilizoongoza.

Kinga iliyojengeka ndani ya mtu wa Kikwit, basi, ilinakiliwa ikapita katika mishipa ya watu wa Beni ambao hakuwajua. Ni ya nani? Wakatoliki, walio wengi katika miji hii, wana hadithi ya watakatifu Cosmas na Damian, waganga waliomwekea mtumishi wa kanisa mguu wa Mhabeshi aliyekufa. Wachoraji wa Ulaya waliipenda sana. Mhabeshi hakuulizwa. Mwanafalsafa Mfaransa Jean-Luc Nancy, aliyeishi na moyo wa kupandikizwa, aliandika mwaka 2000 kuhusu mwingiliaji aliyemo ndani yake, akakiri kwamba mpaka kati yake na mwingine haukuwa tena mahali alipodhani. Nancy alitafakari upande wa mpokeaji. Upande wa mtoaji, hasa akiwa Mwafrika, bado unasubiri mwanafalsafa wake.

Waliopona wa Kivu Kaskazini waliubeba upande huo kwa mikono. Kwa kuwa hatari ya wao kuambukizwa tena ilikuwa ndogo, waliajiriwa kuwalea watoto waliotengwa na wazazi wagonjwa. Waliwabeba bila woga wakati jamaa hawakuthubutu. Watu haohao wakirudi mtaani waliogopwa. Na uchungu wa jambo ni kwamba hofu haikuwa ujinga mtupu. Mtu mmoja aliyekuwa amechanjwa, akaugua, akatibiwa kwa mAb114 na kupona, aliugua upya miezi sita baadaye na kufa. Mnyororo wa maambukizi ulioanzia kwake ulifikia watu 91.

Hapa ndipo maadili yanapobanwa. Tunamdai nini mtu anayeweza kubeba hatari bila kosa lolote? Mwanaume aliyepona hushauriwa kupima shahawa mpaka majibu mawili yawe safi, na kabla ya hapo ajizuie au atumie kondomu. Katika jimbo Katoliki la Butembo-Beni ushauri huo unakutana na fundisho la ndoa. Mwaka 2010 Papa Benedict XVI alisema katika mahojiano kwamba, katika hali fulani, kondomu inayotumika kwa nia ya kupunguza hatari ya maambukizi inaweza kuwa hatua ya kwanza ya kuwajibika. Alikuwa akizungumzia UKIMWI, na wanateolojia walibishana kama maneno hayo yanawafikia wanandoa. Padri wa parokia hana muda wa kungoja mabishano yaishe: mbele yake kuna mke anayeuliza kama kumkaribia mumewe ni wajibu au ni kujiua.

Kumtenga aliyepona kunaonekana ni tahadhari, lakini kunaharibu kinga pekee ambayo jamii inayo dhidi ya kirusi kilichojificha, yaani taarifa. Upimaji wa shahawa na macho Beni na Butembo ulimtegemea mtu aje kliniki mwenyewe, tena na tena, kwa miezi mingi, akijitaja hadharani kuwa alikuwa na Ebola. Aliyefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga kwa sababu ya jina hilo haji.