Kabla ya Kumlaani Kima

Wanangu, hili nimelisema hadi nimechoka, na nitalisema tena kwa kuwa bado nawasikia barazani mkimtupia kima punju kila lawama. Kala maembe, kavunja matawi, kamaliza minazi. Lakini nani kati yenu ameketi asubuhi moja akamtazama?

Kima huyu asili yake ni Unguja tu. Wale wachache wa msitu wa Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu. Akitoweka hapa, hapana nchi ya kwenda kumwazima.

Hayo ya minazi ndiyo yanayoniuma zaidi. Kweli anakula vidaka, nani atakataa? Lakini katika miaka ya 1990 watafiti wawili, Siex na Struhsaker, waliingia kwenye mashamba ya jirani na msitu wa Jozani wakahesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizovunwa. Wakakuta mavuno hayapungui, bali pale vilipoliwa vidaka vingi, nazi zilizokomaa zilizidi. Mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kulea, na vingine huvipukutisha wenyewe. Mkwezi yeyote atakwambieni. Sisi tulimwona kima juu, tukaona kidaka chini, tukahukumu. Wageni ndio waliohesabu. Natamani aliyehesabu angekuwa mtoto wa vijiji vyetu vya Pete au Kitogani.

Chui wetu tulimhukumu hivyo hivyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 alisakwa kila pembe kwa kudaiwa kuwa anafugwa na wachawi. Leo mkitaka kumwona, nendeni makumbusho mkaitazame ngozi yake.

Basi nendeni Jozani, ni msitu wenu. Tangu 2004 ni hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka, na mikoko ya huko ndiyo inayolea kamba na vitoto vya samaki mnaowala. Mtazameni kima akila majani ya mkungu na mwembe, kisha akitafuta mkaa kwenye tanuri la zamani autafune. Majani yale yana sumu, na mkaa humsaidia kuizuia. Nani alimfundisha? Subhanallah. Msimpe ndizi wala mkate ili mpige picha, na msimkaribie, maana mafua yenu yanaweza kumdhuru.

Na nyinyi madereva wa Paje na Makunduchi, matuta yale ya barabarani hapo Jozani yaliwekwa kwa sababu kima walikuwa wakigongwa mno. Punguzeni mwendo hata kama mgeni analalamika.

Halafu kuna paa nunga, ambaye mbwa na mitego vimempunguza sana. Chukueni daftari, mwende vijiji vya Charawe na Ukongoroni mkawaamkie wazee waliokuwa wakiwinda zamani. Waulizeni walikuwa wakimwona msitu gani, msimu gani, akila nini, na muandike kila watakachokwambieni, maana hao wazee wanatutoka.