Mvi za Mama

Kila baada ya wiki tatu, Jumamosi jioni, nampaka mama piko. Nilikabidhiwa kazi hiyo nikiwa kidato cha pili, dada alipoolewa na kuhamia Geita, na sasa nina miaka 27. Wanaoijua Igogo wanajua jinsi nyumba zetu zilivyong'ang'ania mawe kama mbuzi. Yetu iko juu, mahali ambapo hata bodaboda hukushusha na kukuambia umalizie kwa miguu. Mama huketi kwenye kigoda mlangoni, taulo la zamani mabegani, nami husimama nyuma yake na kisosi cha piko na mswaki uliostaafu kazi ya meno. Kwanza mafuta ya mgando pembezoni mwa paji la uso na kwenye masikio, ili ngozi isishike rangi. Kisha piko yenyewe, fungu kwa fungu, kuanzia kwenye mizizi. Mwishoni kichwa kinafunikwa kwa rambo, moja kati ya chache zilizonusurika katazo la Juni 2019, na tunakaa nusu saa tukitazama taa za wavuvi wa dagaa zikiwashwa ziwani.

Julai mwaka huu nilikuwa nimeshakoroga kila kitu aliponishika mkono.

"Leo acha, mayu." Ananiita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Nikadhani kichwa kinamuuma. Akasema hapana. Ameamua kuacha piko, na ameamua kurudi Kwimba kukaa na bibi, ambaye miguu haimbebi tena. Mambo hayo mawili aliyasema kwa pumzi moja, kana kwamba ni moja.

Ungetarajia nifurahi. Muhula uliopita, kwenye somo la maadili pale Malimbe ninakosoma shahada ya uzamili, niliandika insha ya kurasa kumi na mbili kuhusu urembo na ukweli. Nilidai kwamba kupaka mvi rangi nyeusi ni uongo usiotamkwa: unamwambia kila unayekutana naye jambo lisilo kweli kuhusu miaka yako. Shahidi wangu alikuwa Kant. Mwaka 1797, akimjibu Benjamin Constant, Kant aliandika kwamba hata muuaji akija mlangoni na kuuliza kama rafiki unayemficha yumo ndani, huruhusiwi kumdanganya. Darasa lilicheka. Mimi nilimtetea kwa ujasiri wa mtu ambaye hajawahi kubishiwa hodi ya namna hiyo. Nilipata alama nzuri. Nilimsomea mama vipande vya insha akiwa amekaa kwenye kigoda chake, naye akasema, "Umeandika vizuri. Ongeza pale nyuma, hapajashika."

Lakini aliposema Kwimba, nilichokiona ni mlango wa bibi: bati, mbao mbili, komeo moja la ndani. Muuaji wa mfano alikuwa amepata anwani.

Msomaji aliye mbali na Kanda ya Ziwa huenda asielewe. Huku kwetu, Mwanza, Shinyanga, Simiyu, Geita, kuna maneno yanayotembea pamoja tangu kabla sijazaliwa: mauaji ya vikongwe. Mwanamke anazeeka. Amepika maisha yake yote kwa kuni na, kuni zilipoadimika, kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, na moshi umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Mtoto wa jirani anafariki, kwa malaria au kwa lolote. Mpiga ramli anaulizwa, naye anataja upande ambao mwanamke huyo anaishi. Usiku mapanga yanakuja. Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, na sheria hiyo ipo hadi leo. Haikuwamaliza wapiga ramli wala wenye mapanga. Katikati ya miaka ya 1970 vyombo vya dola viliendesha msako wa wauaji Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa wakateswa, baadhi wakafia kizuizini, na mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, akajiuzulu. Wengi wa rika langu tunamjua Mwinyi kama rais, Mzee Rukhsa. Wachache wanajua kwamba habari iliyoanza na bibi zetu iliwahi kumtoa kwenye kiti cha uwaziri. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyahesabu mauaji hayo katika ripoti zake. Watu wanasema siku hizi yamepungua, na mimi nawaamini, hasa mchana.

Kinachotajwa zaidi ni macho mekundu. Ila macho hayo hukaa kwenye uso wenye mikunjo, chini ya nywele nyeupe. Msichana mwenye macho mekundu huambiwa aende hospitali. Na mwanamume mwenye mvi, mara nyingi, ni namhala, mzee wa kusikilizwa. Mvi za Mwalimu Nyerere zimo kwenye noti ya shilingi 1,000, na sijasikia mtu akikataa chenji kwa sababu hiyo.

Mwaka juzi jirani wa bibi alipoteza ng'ombe wawili ndani ya wiki moja. Hakuna aliyemgusa bibi. Watu waliacha tu kuja kuomba chumvi. Mama alikwenda, akakaa siku kumi, akanunua chumvi kilo tano na kuigawa nyumba kwa nyumba, akarudi. Jumamosi iliyofuata tulipaka piko kama kawaida na hakuongea neno.

Sababu ya mama kuanza piko haikuwa kubwa kiasi hicho. Anauza dagaa Mwaloni, kule Kirumba, soko ambalo wanunuzi hutoka mpaka Kongo. Alipofika miaka 38 aligundua kwamba mnunuzi akishamwita bibi hushusha bei, kwa imani kwamba bibi anataka kuuza haraka akapumzike. Nywele nyeusi zikawa kifaa cha kazi, kama mizani. Hilo nalo sikuliandika kwenye insha.

Basi jioni ile, mimi mtetezi wa ukweli, nikamsihi mama aendelee kudanganya. Apake, aende, awe anapaka hukohuko. Nitamtumia piko kwa basi. Usiku nikarudi kwa Kant kumtafutia ruhusa, na nikaipata kwa Kant mwenyewe. Katika mihadhara yake ya maadili anasema nikifungasha mizigo ili watu wadhani nasafiri, sijasema uongo, maana sijatangaza kitu na hakuna mwenye haki ya kunidai maelezo. Nywele basi ni mizigo iliyofungashwa. Nilifurahi kama wakili aliyepata kifungu.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye asili ya Ujiji, alikuwa na njia nyingine. Yeye hupaka hina, na nywele zake zina rangi ya kutu. Alinihadithia habari ya Abu Quhafa, baba yake Abubakar, aliyeletwa mbele ya Mtume siku Makka ilipofunguliwa, kichwa na ndevu vyeupe pe. Mtume akaagiza weupe ule ubadilishwe, ila rangi nyeusi iepukwe. Wanazuoni wametofautiana kuhusu uzito wa katazo hilo, lakini jirani ana tafsiri yake. "Hina haimdanganyi mtu," aliniambia. "Ukiniona unajua nina mvi, na unajua nimejipamba." Nimeliwaza sana hilo. Kuna rangi inayoficha na kuna rangi inayotangaza, na kurasa zangu kumi na mbili hazikuwa zimeona tofauti.

Nikampelekea mama wazo la hina, kama suluhu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Niende Kwimba na kichwa chekundu? Macho hayatoshi?"

Alipomaliza kucheka akanieleza, bila haraka, kama anayemhesabia mteja chenji.

"Pale mtaani mama yangu amebaki mwenye mvi peke yake. Wenzake wamekufa. Wa umri wangu wote wanapaka, piko inauzwa hata kwenye duka la kijijini. Mvi zikiwa za mtu mmoja, watu hutazama. Tukiwa wawili, watazoea."

"Au wataona wachawi wawili," nikasema.

"Huenda."

Hakunibishia zaidi ya hapo, na mimi sikuwa na la kuongeza. Ni baadaye, nikiosha kisosi, ndipo nilipoanza kuona nilichokuwa nimefanya. Kwenye insha nilihesabu waliodanganywa na piko ya mama: wanunuzi, makondakta, majirani. Bibi sikumhesabu. Hakudanganywa na mtu. Ila kila kichwa kinachotiwa weusi hufanya kichwa cheupe kiwe adimu zaidi, na kitu adimu huhitaji maelezo, na maelezo yaliyo karibu kule ni uchawi. Wanaobaki na mvi ni wale wasio na hela ya piko au wasio na mtu wa kuwapaka, na mara nyingi ndio haohao wanaopikia kinyesi cha ng'ombe.

Je, hilo linamlazimisha mama, au mwanamke yeyote wa umri wake, kuacha? Nimejaribu kulijenga kama wajibu na linanishinda. Piko ni shilingi elfu mbili, na panga ni panga. Siwezi kusimama mbele ya mama wa Kwimba nikamwambia aachie kinga yake ili mwenzake asionekane peke yake. Nadhani ni jambo ambalo mtu anaweza kujidai mwenyewe tu. Likidaiwa na mwingine, hasa aliyekaa Malimbe na nywele nyeusi za bure, linageuka ukatili. Na insha yangu ilikuwa hivyo hivyo, ikidai ukweli kutoka kwenye kichwa cha mtu mwingine.

Lakini hofu yangu nayo haikuwa safi. Nilipomsihi mama apake nilijiona mtoto mwenye upendo, na nilikuwa. Pia nilikuwa nimekubali, bila kulisema hata moyoni, kwamba bibi aendelee kutazamwa peke yake, mradi mama asionekane. Nina jina la mwanamke huyo.

Tulikwenda saluni chini barabarani, kwa sababu nywele nusu nyeusi nusu nyeupe ni kazi kuzitunza. Kinyozi, kijana wa rika langu, alizipunguza hadi zikabaki mvi tupu, fupi kama za mwanafunzi. Aliuliza mara mbili kama amalizie na blaki. Mara ya pili aliniuliza mimi, kama vile mama hayupo. Nikamjibu amuulize mwenyewe.

Aliondoka mwishoni mwa Agosti na basi la Ngudu, akiwa na gunia dogo la dagaa na mtungi wa gesi wa kilo sita ambao tuliuchangia mimi na dada, kwa ajili ya macho ya bibi. Alipofika alinipigia. Bibi, ambaye haoni vizuri, alimpapasa kichwa kwa muda mrefu, akauliza amenyoa kwa msiba wa nani.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hakuna msiba."

Nikauliza habari za majirani. Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake. Mmoja alikuja jioni ya pili kuomba chumvi, akasema. Alisimama mlangoni akawatazama wote wawili, alitazama sana, lakini chumvi aliichukua.