Ramadhani 25: Pedeli Laini na Breki ya Moyo

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu katika imani, mlioko Mbulu mjini, Dongobesh, Haydom, Katesh na Basotu, alhamdulillah tumeifikia siku ya 25. Zimebaki siku nne au tano tu. Safari za Idi zimeshaanza kupangwa: huyu anashuka Babati, yule anakwenda Magugu kuwachukua wazee. Kwa hiyo darsa la leo linaanzia chini ya mguu wa kulia wa dereva, kwenye pedeli ya breki. Moyoni tutafika baadaye, inshaallah.

Siku hizi magari ya haibridi, yenye injini ya petroli na mota ya umeme, yanaonekana na huku kwetu. Prius, Aqua na mengineyo. Watu wanayapenda kwa sababu hayali mafuta. Lakini breki zake zina jambo ambalo kila mwenye nalo anapaswa kulijua.

Ukikanyaga breki kidogo kwenye gari la haibridi, mara nyingi kinachopunguza mwendo ni ile mota ya umeme. Inageuka kuwa jenereta, inalishika gari huku ikichaji betri. Pedi na diski hazifanyi kazi kubwa. Ndiyo maana pedi za magari haya hukaa muda mrefu, na ndiyo maana wengi husahau kabisa kuzikagua. Mafuta ya breki yanazeeka, kalipa inashika kutu, hewa imeingia kwenye mabomba, na mwenye gari anaweza kuzunguka mjini wiki nzima asijue, maana kuna msaidizi anayemshikia gari.

Sasa mteremshe huyo mlima Magara. Mbulu mjini iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Manyara liko chini kwenye mita 960 hivi. Betri ya Prius ya kawaida ni ndogo, inaweza kujaa kabla mlima haujaisha. Ikishajaa, mota haina tena pa kupeleka umeme, basi ule msaada unapungua. Hapo kwenye kona ndipo breki yako halisi inapoulizwa: upo? Mteremko wa Dongobesh kwenda Dareda unauliza swali hilohilo.

Pedeli ikiwa laini, inazama kama unakanyaga sifongo, hiyo ni habari umeletewa mapema. Isikilize. Simamisha gari mahali tambarare likiwa limewashwa, kanyaga kwa nguvu, kisha angalia mambo haya:

*Moja.* Ukipampu mara mbili tatu pedeli inapanda na kuwa ngumu? Kuna uwezekano mkubwa ni upepo kwenye mfumo. Mafuta hayabonyei, hewa inabonyea.

*Mbili.* Ukishikilia, inazama polepole? Kuna mahali presha inapotea. Tazama kiwango cha mafuta ya breki, tazama mipira ya breki na upande wa ndani wa matairi. Kama nje pakavu, uvujaji unaweza kuwa ndani, kwenye mipira ya masta silinda.

*Tatu.* Inalainika baada ya mteremko mrefu tu? Shuku mafuta ya breki yaliyozeeka. Mafuta haya hunyonya unyevu. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea kama hewa.

*Nne.* Na hili ni la haibridi zaidi: pampu ya breki inalia kila baada ya sekunde chache wakati hata hujakanyaga? Huenda kile chombo kinachotunza presha hakishiki. Mwezi Juni 2013 kampuni ya Toyota iliyaita magari ya Prius na Lexus HS 250h yapatayo 242,000 duniani kwa ajili ya chombo hicho. Kingeweza kupata ufa, gesi ya naitrojeni ikavujia kwenye mafuta ya breki, na pedeli ikashuka kuliko kawaida. Yalikuwa magari yaliyotengenezwa mwaka 2009, umri ambao sisi hununua kama gari lililotumika.

Taa ya breki ikiwaka, ya njano au nyekundu, usiizibe kwa stika wala usimwambie fundi aichomoe. Na wewe fundi, ndugu yangu, mengi ya magari haya hayatolewi upepo kwa kupampu na kufungua nati kama pikapu ya zamani. Yanahitaji mashine ya kompyuta, na baadhi ya Prius ukifungua tu mlango wa dereva pampu inajiwasha, na mle ndani presha ni kubwa. Kama huna mashine, sema huna. Kusema "sijui hili, lipeleke kwa mwenzangu" ni amana. Kusema "nenda tu, litakaa sawa" ni kuweka roho za watu kwenye kamari.

Na anayetaka kuuza gari lake akijua breki inazama, akaliosha vizuri akanyamaza, akumbuke Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba si halali kuuza kitu chenye kasoro bila kuieleza. Bei utakayoikosa kwa kusema ukweli ni ndogo kuliko hesabu utakayoulizwa kwa kunyamaza.

Sasa tuingie moyoni.

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratul Baqara, aya ya 183, kwamba lengo la funga ni takwa. Na takwa, kwa lugha ya leo, ndiyo breki ya mja. Lakini ndugu zangu, mwezi huu tuna wasaidizi wengi. Mashetani wamefungwa, kama alivyotueleza Mtume (s.a.w.). Msikiti umejaa. Nyumba nzima imefunga. Ukitaka kusengenya, jirani anakwambia "tumefunga bwana." Tunapunguza mwendo vizuri kabisa, na mtu anaweza kudhani breki yake ni nzima, kumbe anashikwa na mota.

Idi ikishapita mteremko unaanza. Jamaa wa tarawehe wametawanyika, simu imerudi kujaa upuuzi, ile bei ya mnadani inataka kiapo cha uongo kidogo tu. Hapo kila mmoja atajua alichobaki nacho.

Basi jipime leo, ungali tambarare. Ukiudhiwa, lazima ukumbushwe mara tatu ndipo unyamaze? Huo ni upepo: kuna riya au kiburi kimeingia, kitolewe. Asubuhi unauzuia ulimi, ikifika alasiri umezama kwenye kumsema mtu? Kuna kitu kinavuja ndani, hata kama nje unaonekana mkavu. Na dhamiri ikiwaka taa, usiizime. Ile ni rehema ya Mola wako.

Tiba haina siri: tauba, kurudisha haki za watu, na amali ndogo isiyokatika. Hiyo ndiyo ipendwayo zaidi na Allah. Chagua moja sasa hivi utakayoingia nayo Shawwal, japo ni rakaa mbili za usiku au ukurasa mmoja wa Qur'ani.

*Kazi ya leo:*
1. Mwenye gari, kabla ya safari ya Idi kagua breki kwa fundi anayejua haibridi. Yule bedui aliambiwa amfunge ngamia kwanza, kisha ategemee.
2. Ukiwa njiani, ukifika juu ya mlima weka gia ya B mapema, ili injini ikusaidie kushika gari. Pedeli ikizama usianze kuteremka, simama. Magharibi ikikukuta njiani usikimbize gari kwa ajili ya futari. Beba tende na maji, ufungulie hapohapo.
3. Sote, tutaje kimoyomoyo dhambi moja ambayo breki yetu haiishiki, tuilalamikie kwa Allah usiku wa leo. Ni katika kumi la mwisho, na huenda ukawa ndio wenyewe.

Ewe Mola wetu, zithibitishe nyoyo zetu baada ya Ramadhani kama ulivyozithibitisha ndani yake. Walinde wasafiri wetu milimani na mabondeni, uwafikishe salama kwa watu wao. Aamin.

Mtumie dereva mmoja unayemfahamu. Wabillahi tawfiq.