Kadi ya Dola 12



Wazazi wenye watoto wa umri wa shule mnajua jinsi kadi za wachezaji zilivyowashika watoto wetu. Wanazinunua kwa pakiti na kubadilishana kwenye basi la shule, na hata hapa kanisani baada ya ibada. Kutokana na kadi hizo, darasa la vijana limetuletea swali ambalo linatuhusu sisi watu wazima pia: je, ni dhambi kununua kitu kwa bei ndogo kutoka kwa mtu asiyejua thamani yake?

Swali hili lina msingi, kwa sababu kadi ya kawaida kabisa inaweza kugeuka kuwa mali. Kampuni ya Topps ilikosa wanunuzi wa baadhi ya kadi zake za besiboli za mwaka 1952. Sy Berger, aliyezibuni, alisimulia kwamba mwaka 1960 shehena iliyobaki ilipakiwa kwenye chombo na kutupwa baharini. Agosti 2022, kadi moja ya Mickey Mantle ya toleo lile iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Karatasi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba zimebaki chache na wanaozitaka ni wengi.

Sasa sikilizeni kisa cha mwaka 1990, katika duka la kadi karibu na Chicago. Mvulana wa miaka 12 aliiona kadi ya mwaka 1968 yenye picha ya Nolan Ryan akiwa bado kijana asiyejulikana sana. Kufikia 1990 Ryan alikuwa mmoja wa warushaji mashuhuri wa besiboli, na mwenye duka alikuwa ameiandikia kadi hiyo bei ya dola 1,200. Msaidizi aliyekuwa akiuza siku ile hakuzijua kadi. Aliisoma bei kuwa dola 12, mtoto akalipa, akaondoka nayo. Mwenye duka alikwenda mahakamani. Kabla hakimu hajaamua, pande zote mbili zilikubaliana kadi ipigwe mnada na fedha zitolewe kwa misaada. Ilipata karibu dola 5,000.

Mimi simhukumu mtoto yule. Alilipa bei aliyotajiwa. Lakini angalieni jinsi kisa kilivyoisha: mwishowe hakuna aliyebaki na kadi wala fedha zake.

Wako watakaosema, wajinga ndio waliwao. Watasema pia kwamba mtu aliyetumia miaka kujifunza kadi anastahili kufaidi elimu yake. Hilo la pili nalikubali. Mfanyabiashara akikutana na mfanyabiashara mwenzake, kila mmoja amekuja na ujuzi wake na wote wanajua mchezo ulivyo. Wengine watatoa Mathayo 13:44, ambapo mtu aliona hazina shambani, akaificha tena, kisha akalinunua shamba. Hatusomi kwamba alimweleza mwenye shamba. Lakini mfano ule unatufundisha kwamba Ufalme wa Mungu unastahili kuachiwa vyote. Haufundishi namna ya kununua mashamba, kama vile Bwana kufananishwa na mwivi ajaye usiku hakutufundishi wizi.

Kazini kwangu nimejifunza neno ridhaa. Mgonjwa hasaini fomu ya upasuaji kabla ya kuelezwa atakachofanyiwa, faida zake na hatari zake. Kama hajui Kiingereza, tunaita mkalimani. Anaweza kuitikia kwa kichwa na kutabasamu, na bado tunamwomba atueleze kwa maneno yake alichoelewa. Sahihi ya mtu asiyeelewa ni wino tu. Kwa nini basi tukitoka hospitali na kuingia sokoni, tuone kwamba "ndiyo" ya mtu asiyejua inatosha?

Kwa hiyo mimi naona mpaka uko hapa: mwangalie aliye mbele yako. Je, angeweza kujua kama wewe, au hana njia ya kujua? Mtoto wa miaka saba anayebadilisha kadi na kijana wa miaka kumi na tano hana njia. Mjane mzee anayeuza vitu vya marehemu mumewe mbele ya nyumba hana njia. Mgeni aliyefika nchi hii mwezi uliopita hana njia. Kwa watu kama hao, kunyamaza ni kuchukua kilicho chao. Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya muuzaji, kisha akienda zake anajisifu. Neno la Mungu limemwona hata baada ya kuondoka sokoni.

Na sisi, ndugu zangu, tunajua uchungu wa upande ule mwingine. Wengi wetu tulipofika hapa tulisaini mikataba ya nyumba na magari ambayo hatukuielewa. Aliyetuuzia alijua, sisi hatukujua, na baadaye tulipojua, imani yetu kwake ilikwisha. Wahenga walisema, mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani. Mtoto wa miaka saba atakua. Siku moja ataiona kadi yake kwenye simu, na bei yake, na atamkumbuka aliyeichukua kanisani.

Wazazi, wafundisheni watoto kanuni moja rahisi: kabla ya kubadilishana, mwambie mwenzako unachokijua. Akiendelea kukubali, basi amekubali kweli. Utakosa faida mara chache, na ukikutana naye Jumapili ijayo hutakuwa na sababu ya kupita mlango mwingine.

Mungu atubariki sote.