Panya Anashuhudia Nini

Descartes, katika karne ya 17, aliwahesabu wanyama kuwa mitambo isiyo na nafsi, na wapo hadi leo wanaoshikilia kwamba mnyama hujibu tu bila kujua lolote linalompata. Mimi naona maabara zenyewe zinawapinga. Panya mwenye njaa huwekwa kwenye kisanduku chenye vijiti viwili vya kubonyeza. Siku akidungwa LSD, dawa iletayo maruweruwe, chakula hutoka kwenye kijiti cha kulia. Siku akidungwa maji ya chumvi matupu, hutoka kwenye cha kushoto. Baada ya wiki nyingi za mazoezi, huchagua sawasawa kabla hata tonge la kwanza halijadondoka. Hakuna taa wala harufu inayomwongoza, kwa hiyo dalili anayoisoma imo mwilini mwake. Akipewa kwanza ketanserini, dawa inayoziba vipokezi vya serotonini aina ya 2A, hukiendea kijiti cha maji ya chumvi ilhali LSD imo damuni.

Mpinzani atasema: basi ni vipokezi tu, na hata kipimajoto hubadilika bila kuhisi homa. Lakini kipimajoto hakijifunzi kitu. Panya huyu hakuzaliwa na maana ya ile hali. Aliikuta, akaikumbuka, na kila siku huipima hali ya leo kwa ile ya juzi. Isitoshe, ketanserini hiyohiyo huwazuilia binadamu maruweruwe ya silosibini, kama majaribio ya Zürich yaliyochapishwa mwaka 1998 yalivyoonyesha, na hakuna aliyehitimisha kwamba watu wale hawakuwa wakiona chochote. Kueleza mlango ambao dawa hupitia si kukanusha kwamba kuna aliyeguswa nayo.

Pingamizi zito liko kwingine. Lisuridi, dawa iliyotumika kutibu ugonjwa wa Parkinson, hushika vipokezi hivyohivyo bila kuwaletea watu maruweruwe ya LSD. Hata hivyo panya waliofunzwa kwa LSD wamewahi kubonyeza kijiti cha LSD walipopewa lisuridi. Je, ushahidi wao ni batili? Ungekuwa batili kama wangeruhusiwa kusema zaidi ya maneno mawili na bado wakazichanganya dawa hizo. Panya mwenye vijiti viwili analazimishwa kujibu LSD au si LSD, naye huchagua kinachokaribia. James Appel na Patrick Callahan walipowafunza panya kwa vijiti vitatu, kimoja kikiwa cha lisuridi, panya hao walizitenganisha dawa hizo mbili. Utambuzi haukuwa umepungua. Swali ndilo lililokuwa finyu.

Bado panya hatuambii ile hali ikoje kwake. Anashuhudia kufanana na kutofautiana, basi, na Thomas Nagel, aliyeuliza mwaka 1974 kuwa popo ni kuwaje, angebaki na swali lake zima. Ila hilo ni swali la namna anavyohisi. Anayedai kwamba hahisi kabisa amebeba dai zito zaidi, na mzigo wa kulithibitisha ni wake.