Kasi Isiyotumika

Kadi ya michoro yenye nguvu nyingi inapochomekwa katika kompyuta ya zamani na kufanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake, huzuka swali ambalo lilijadiliwa Ugiriki karne nyingi kabla ya umeme: je, uwezo usiotumika upo kweli? Wanafalsafa wa Megara walishikilia kwamba kitu kina uwezo pale tu kinapoutumia, hivyo kwamba mwashi asiyejenga kwa wakati huo hana uashi. Aristotle aliwapinga katika kitabu cha tisa cha Metafizikia, akitenganisha uwezo wa kutenda na utendaji wenyewe, na akaongeza jambo ambalo husahauliwa mara nyingi, yaani kwamba uwezo wa kutenda huhitaji upande wa pili wenye uwezo wa kupokea.

Kompyuta za Pentium 4 za mwaka 2003 zinaonyesha jambo hili waziwazi. Kichakataji chake kiliunganishwa na chipu kuu ya ubao mama kwa basi, yaani njia ya nyaya inayopitisha data kwa kufuata mapigo ya saa ya kielektroniki, na basi hilo lilitangazwa kuwa na kasi ya megahertz 800. Namba hiyo ilikuwa zao la hesabu: saa ilipiga mara milioni 200 kwa sekunde, data ikapita mara nne katika kila mpigo, na kila mara zikapita baiti 8, hata upeo ukawa gigabaiti 6.4 kwa sekunde. Kadi ya michoro, hata hivyo, haikukaa kwenye basi hilo. Ilikaa kwenye sloti ya AGP, ambayo katika toleo lake la mwisho ilipitisha takriban gigabaiti 2.1 kwa sekunde. Mnunuzi aliyetafuta kadi yenye namba inayofanana na ile ya kichakataji alitafuta usawa mahali palipohitaji kufaana, na hilo ni kosa la kimantiki kabla halijawa la kifundi.

Kufaana huko kuna masharti yake. Kadi za AGP za mwanzo zilitumia volti 3.3 na za baadaye 1.5, na pengo lililokatwa ukingoni mwa kadi lilizuia ile isiyofaa isiingie kabisa. Mfumo wa PCI Express uliofuata una hekima zaidi: kompyuta inapowaka, kadi na sloti hupatana juu ya kasi ya juu kabisa ambayo pande zote mbili zinaiweza, hivyo kadi ya toleo la tatu, inayoweza kupitisha karibu gigabaiti 16 kwa sekunde, hukubali 8 tu ikiwekwa kwenye sloti ya toleo la pili.

Mfuasi wa Megara angesema kwamba kadi hiyo sasa ina kasi ya 8 na si zaidi. Lakini ikihamishiwa kwenye ubao mama mpya hufikia 16 ilhali hakuna kilichobadilika ndani yake, na hoja hii yatosha kumpa Aristotle ushindi. Hata hivyo, kuwapo kwa uwezo si sawa na ubora. Katika Hippias Mkubwa, Plato anamwonyesha Socrates akiuliza kama upawa wa dhahabu unaufaa mchuzi kuliko ule wa mti wa mtini, ambao hauvunji chungu. Kinachofaa hupimwa kwa kazi iliyopo.

Kazi iliyopo, kwa bahati njema, hupimika. Picha ya mchezo ikikuzwa kutoka pikseli 1024 kwa 768 hadi 1280 kwa 1024, mzigo wa kadi huongezeka kwa takriban theluthi mbili, ilhali ule wa kichakataji hubaki karibu vilevile. Idadi ya fremu kwa sekunde isiposhuka, kadi ilikuwa ikisubiri kichakataji. Ikishuka sana, kadi ndiyo iliyofika kikomo. Kwa hiyo mtu anayenunua kadi inayozidi mashine yake, akiwa amekusudia kubadilisha kichakataji na ubao mama baadaye, analipia uwezo wa kweli, na asiyekusudia hivyo analipia uwezo uleule wa kweli ambao katika mashine yake hautapata cha kuupokea.